Mguu wa Dereva

Msomaji wangu, hebu waza jambo hili. Malori mawili ya namna moja, yaliyotoka kiwandani mwaka mmoja, yameondoka Mombasa alfajiri kwenda Nairobi. Yote mawili yamejazwa dizeli hadi juu, na kila moja limepakia shehena ya uzito ule ule. Safari ni ya kilometa zipatazo 480, na sehemu kubwa ya njia ni kupanda, kwa maana Mombasa iko sawa na bahari, na Nairobi iko juu yake kwa mita zipatazo 1,700. Malori yafikapo mjini, wenyewe wapima mafuta yaliyosalia. Lori la kwanza lina lita nyingi kuliko la pili. Hakuna aliyeiba, wala hakuna tangi lililovuja. Tofauti yote imo katika mguu wa kulia wa dereva, ule ukanyagao mafuta.

Je, mguu huo waweza kufundishwa? Swali laonekana dogo, lakini watu wamekuwa wakilijibu kwa zaidi ya miaka 200, na majibu yao hayakufanana. Wengine walijibu kwa hesabu, wengine kwa zawadi, wengine kwa sheria, na wengine kwa shule. Nchi yetu, ambayo hununua ng'ambo petroli na dizeli inayochomwa katika barabara zake, ina haki ya kuyachungua majibu hayo.

Habari yenyewe haianzi barabarani. Yaanzia migodini, katika jimbo la Cornwall, kwenye ncha ya kusini-magharibi ya Uingereza. Huko watu walichimba shaba na bati chini sana ardhini, na maji yakawafuata mashimoni, ikawapasa kuyavuta usiku na mchana kwa injini za mvuke. Lakini Cornwall haina makaa ya mawe. Makaa yaliletwa kwa merikebu kutoka Wales, na gharama yake iliwala wenye migodi faida yao. Basi mwaka 1811 mtu mmoja aliyeitwa Joel Lean alianza kutoa taarifa ya kila mwezi. Ndani yake aliandika kila injini na mgodi wake, na ni ratili ngapi za maji injini hiyo iliweza kuziinua futi moja juu kwa kuchoma busheli moja ya makaa. Lean hakuhutubia mtu. Hakumwambia mpiga makaa yeyote kwamba ni mvivu wala mharibifu. Alitoa hesabu tu, akaacha watu wasome.

Unaweza kukisia yaliyofuata. Mhandisi aliyeona injini yake chini kabisa katika orodha aliona haya mbele ya wenzake, naye aliyekuwa juu hakutaka kushuka. Mabomba na mitungi ya mvuke ilifunikwa ili joto lisipotee bure, na moto ukaangaliwa kwa uangalifu usiokuwako zamani. Taarifa zilipoanza, injini za kawaida zilikuwa zikipata karibu ratili milioni 20 kwa busheli moja. Mwaka 1835, katika majaribio yaliyofanywa kwenye mgodi wa Fowey Consols, injini moja ilipata ratili milioni 125. Si haki kusema kwamba ongezeko hilo lote lilitoka mikononi mwa wafanya kazi, kwa sababu injini zenyewe zilikuwa zikitengenezwa vizuri zaidi mwaka hata mwaka. Hata hivyo, bila orodha ile ya Lean, nani angalijua ni injini ipi iliyo njema, na ni mtunzaji yupi anayestahili kuigwa? Kwa maoni yangu huyo ndiye mwalimu wa kwanza wa somo letu, ingawa hakupata kuiona motokaa maishani mwake.

Reli zilipoenea, makampuni ya Ufaransa yaliongeza jambo la pili, nalo ni bahashishi. Dereva wa gari la moshi na mpiga makaa wake waliotumia makaa machache kuliko kipimo walichowekewa walipewa sehemu ya pesa zilizookolewa. Watu hao walijua kila kilima cha njia yao, wakajua ni mahali gani pa kufunga mvuke na kuliacha gari liende kwa nguvu zake lenyewe mpaka stesheni. Ustadi huo hauandikwi kitabuni kwa urahisi. Kijana aliupata kwa kusimama miaka mingi kando ya mzee.

Motokaa ilipokuja, mwenyewe ndiye aliyekuwa dereva, tena petroli ilikuwa rahisi, hasa Marekani. Ni nani angejali? Wauza mafuta wenyewe ndio walioligeuza jambo hili kuwa mchezo. Mwaka 1936 kampuni ya Gilmore ya California ilianzisha mashindano ya motokaa kutoka Los Angeles hadi Yosemite, na aliyeshinda si yule aliyetangulia kufika, bali yule aliyetumia petroli kidogo. Baadaye mashindano hayo yaliitwa kwa jina la Mobilgas, yakaendelea hadi 1968, isipokuwa katika miaka ya vita na ile iliyofuata vita. Mwaka 1939, katika maabara ya kampuni ya Shell mjini Wood River, jimbo la Illinois, wataalamu walibishana wao kwa wao ni nani kati yao awezaye kwenda mbali zaidi kwa galoni moja, wakawekeana dau. Mshindi alikwenda karibu maili 50, yaani kama kilometa 21 kwa kila lita. Utani huo wa watu wa maabara ndio uliozaa mashindano makubwa yafanywayo na wanafunzi mpaka leo.

Lakini mimi siwaamini sana washindi wa mashindano. Mtu akijua anatazamwa kwa siku moja, aweza kuendesha kama malaika. Mtihani wa kweli ni siku ya 40, mvua inanyesha, mwenye mali anapiga simu kuuliza mzigo umefika wapi, na mbele yako kuna trekta lisilotaka kukupisha.

Vita Vikuu vya pili vilileta mwalimu mkali zaidi. Uingereza iliweka mgao wa petroli mwezi wa Septemba 1939, na watu hawakuachiliwa kununua wapendavyo mpaka Mei 1950. Huko Marekani sababu yenyewe ni ya ajabu kidogo. Nchi ile ilikuwa na petroli yake nyingi, lakini Wajapani walikuwa wameteka Malaya na visiwa vya Indonesia, mahali ambapo mpira mwingi wa dunia ulitoka. Magurudumu yangepatikana wapi? Basi serikali iliamua kupunguza petroli ili watu wasiende mbali, na magurudumu yasilike upesi. Tangu Desemba 1942 mgao ulienea nchi nzima. Kila motokaa ilibandikwa herufi kiooni kuonyesha haki ya mwenyewe, na mwendo wa juu kabisa ukawa maili 35 kwa saa, yaani kilometa 56. Watu waliofundishwa hivyo walizoea kukanyaga mafuta polepole, kujaza upepo magurudumuni kila wiki, na kuchukuana wanne wanne kwenda kazini. Vita vilipokwisha, sheria ikaondolewa, na mazoea nayo yakaondoka pamoja nayo. Likumbuke jambo hilo, maana litarudi.

Tukio linalonichekesha kuliko yote ni la mwaka 1956. Mwezi wa Julai, Rais Gamal Abdel Nasser wa Misri aliutwaa Mfereji wa Suez uwe mali ya taifa lake. Mwisho wa Oktoba Israeli, Uingereza na Ufaransa ziliishambulia Misri. Misri ilizamisha merikebu mferejini, njia ikaziba, na bomba la mafuta lililopita Syria likavunjwa. Meli za Ulaya zilizokusudia kuja Mombasa zilibidi kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, na Uingereza, ambayo mafuta yake mengi yalipita mferejini, ikarudi kwenye mgao tangu Desemba 1956 hadi Mei 1957. Sasa, msomaji, tazama lililofanyika. Serikali ilihitaji makarani wa kugawa vyeti vya petroli, nayo ikawachukua wale wanaowatahini madereva. Mitihani ya udereva ikasimamishwa. Wanafunzi waliokuwa bado hawajafaulu wakaruhusiwa kuendesha bila mtu mzoefu kando yao, ili petroli isipotee kwa safari za mazoezi. Ndiyo kusema kwamba katika miezi ile ambayo taifa lilihitaji kila dereva awe stadi wa kubana mafuta, mtahini aliwekwa mezani kugonga mihuri, naye mwanafunzi akaachwa peke yake na gia zake. Mtu anayeanza kuendesha hukanyaga mafuta na breki kwa zamu, kama mtu apigaye pampu, na hivyo huchoma petroli kuliko mzoefu.

Tukio kubwa kuliko hilo lilikuja mwaka 1973. Vita vilizuka Mashariki ya Kati tarehe 6 Oktoba, na nchi za Kiarabu zitoazo mafuta zikapunguza mafuta yao, zikawanyima kabisa Marekani na Uholanzi. Bei ya pipa moja iliyotangazwa, ambayo ilikuwa dola 3.01, iliruka katikati ya Oktoba hadi dola 5.11, na tarehe 1 Januari 1974 ikafika dola 11.65. Hapa kwetu, kiwanda cha kusafishia mafuta kilichofunguliwa Changamwe mwaka 1963 kilikuwa kikifanya kazi, lakini kiwanda hakitoi mafuta ardhini. Husafisha tu yale yaliyonunuliwa, na yaliyonunuliwa yalikuwa yamepanda bei karibu mara nne.

Waholanzi walikatazwa kuendesha motokaa siku ya Jumapili, kuanzia tarehe 4 Novemba 1973 hadi mwanzo wa mwaka uliofuata. Barabara zao kubwa zikajaa baisikeli na farasi. Nchini Marekani, Rais Nixon alitia sahihi tarehe 2 Januari 1974 sheria ya kuweka mwendo wa juu kuwa maili 55 kwa saa, yaani karibu kilometa 88. Kusudi lilikuwa kuokoa petroli, na petroli iliyookolewa haikuwa nyingi kama ilivyotumainiwa. Lakini hesabu nyingine ilibadilika. Mwaka 1973 watu 54,052 walikufa katika barabara za Marekani. Mwaka 1974 walikufa 45,196. Sehemu ya upungufu huo ilitokana na safari kupungua, maana mtu asiye na petroli hukaa nyumbani. Sehemu nyingine ilitokana na mwendo wenyewe. Sheria iliyotungwa kwa ajili ya matangi ilikuwa imewaponya watu maelfu, na jambo hilo halikuwa limeandikwa katika kusudi lake. Hata hivyo Wamarekani waliichoka, wakaivunja kila siku, na mwaka 1995 ikafutwa.

Basi yakabaki mafundisho. Uholanzi, nchi ile ile ya Jumapili za baisikeli, ilianza mwishoni mwa miaka ya 1990 mpango uitwao Het Nieuwe Rijden, maana yake Uendeshaji Mpya. Neno "mpya" lilikuwa na sababu, kwa kuwa motokaa zenyewe zilikuwa zimebadilika, na mafundisho ya babu hayakufaa tena. Tuyaangalie kwa makini, maana hapa ndipo penye kiini cha jambo.

Mafuta yachomwayo na motokaa hulipa madeni manne. La kwanza ni upepo. Nguvu za upepo unaoizuia motokaa huongezeka kuliko mwendo wenyewe. Ukitoka kilometa 80 kwa saa ukaenda 100, umeongeza mwendo kwa robo tu, lakini upepo umekuongezea kizuizi kwa zaidi ya nusu. La pili ni magurudumu, ambayo yakikosa upepo wa kutosha hulala barabarani na kukokotwa badala ya kubingirika. La tatu ni kilima, ambacho kina deni la haki, kwani ukishuka upande wa pili hukurudishia sehemu. La nne ni breki, na hilo ndilo deni la kipumbavu. Kila mara ukanyagapo breki, mwendo ulioununua kwa petroli wageuka joto katika magurudumu na kupotea hewani. Kwa hiyo mwalimu wa uendeshaji mpya humwambia mwanafunzi atazame mbali, aache nafasi mbele yake, aone taa nyekundu ingali mbali, aondoe mguu mapema, na afike pale wakati taa inageuka. Humwambia pia apandishe gia mapema, kabla injini haijapiga kelele. Wazee wetu husema polepole ndio mwendo, nami nawaheshimu, lakini dereva aendaye polepole katika gia ya pili hunywa mafuta kuliko yule aendaye wastani katika gia ya nne. Wajapani nao hufundisha kuanza kwa upole, gari lifike kilometa 20 kwa saa katika sekunde tano za kwanza. Jaribu kuhesabu sekunde tano, uone zilivyo ndefu.

Nchi za Umoja wa Ulaya ziliingiza somo hili katika sheria. Kwa agizo la mwaka 2003, dereva wa lori au basi hurudi darasani saa 35 katika kila miaka mitano, na kubana mafuta ni mojawapo ya masomo yanayotajwa. Waliopima wamekuta kwamba dereva atokaye darasani hupunguza mafuta, aghalabu kwa asilimia kati ya 5 na 10. Tena wamekuta kwamba miezi ikipita, mguu husahau, kama ulivyosahau mwaka 1945. Wanaokumbuka ni wale waonyeshwao hesabu yao kila wiki. Joel Lean angalitabasamu.

Sasa turudi nyumbani, maana sikuanza habari hii kwa ajili ya Wamarekani. Mtu aliyenifundisha kuendesha, miaka mingi iliyopita, aliniambia kwa uhakika kwamba kwenye mteremko yapasa kuitoa gia na kuliacha gari lishuke lenyewe. Madereva wetu huita jambo hilo kutia gari frii. Alikuwa mtu mwema, na nilimsadiki, na nilifanya hivyo kwa miaka kabla sijajua alivyokosea.

Katika motokaa za siku hizi, ukiondoa mguu kwenye mafuta na kuacha gia mahali pake, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini, na mafuta hukatwa yasiingie kabisa. Katika injini ya dizeli ndivyo ilivyokuwa tangu zamani. Ukitia frii, injini haizungushwi tena na magurudumu, na ili isizime hulazimika kunywa. Kwenye mteremko mwepesi gari lililo frii laweza kuambaa mbali zaidi, hilo sikatai. Lakini kwenye mteremko mkali, ambapo mtu hana budi kulizuia gari, dereva wa frii anachoma mafuta aliyodhani anayaokoa. Hilo lingekuwa kosa la mfuko tu, kama si breki. Lori lenye tani nyingi, likiondolewa gia, halizuiliwi tena na injini. Breki peke yake hubeba uzito wote. Hupata moto, na zikipata moto hulegea, na dereva ajaribupo kurudisha gia, mwendo umekwisha kuwa mkubwa, gia zakataa kuingia.

Iko sehemu ya barabara kati ya Mau Summit na Nakuru, ipitayo Sachangwan na Migaa na kuteremkia Salgaa, ambayo kila Mkenya asomaye magazeti aijua kwa majonzi. Kwa miaka mingi wakuu wa usalama barabarani wamekitaja kitendo cha madereva wa malori kutia frii, ili kuokoa dizeli, kuwa mojawapo ya sababu za ajali za mteremko huo. Alfajiri ya tarehe 31 Desemba 2017, hapo Migaa, basi na lori viligongana, wakafa watu 36. Sisemi kwamba ajali hiyo ilitokana na frii. Nasema kwamba barabara hiyo haina nafasi kwa somo lililofundishwa vibaya. Baada ya msiba huo serikali iliitenga njia ya kushuka na njia ya kupanda kwa ukuta.

Na kwa nini dereva atie frii? Usiseme haraka kwamba ni ujinga. Wengi hupewa mafuta ya safari kwa kipimo, na yanayosalia tangini yana mnunuzi njiani, mwenye mtungi na mpira wa kunyonyea. Dereva mwenye mshahara mdogo na karo ya watoto hujua thamani ya lita tano kuliko wewe na mimi. Wafaransa wa zamani waliona haja hiyo hiyo, wakailipa waziwazi, kwa kitabu na sahihi. Kwetu mara nyingi imeachwa ijilipe gizani, na yule anayejilipa gizani hana wa kumwambia kwamba njia aliyoichagua haimpi hata hizo lita.

Kanuni za usafiri zilizotiwa nguvu mwezi wa Februari 2004, wakati John Michuki alipokuwa Waziri, ziliweka vidhibiti mwendo katika magari ya abiria na ya mizigo, yasipite kilometa 80 kwa saa. Hizo zilitungwa kwa ajili ya roho za watu, wala si kwa ajili ya dizeli, kinyume cha ile sheria ya Nixon. Lakini upepo hausomi kanuni. Lori lililozuiwa kwenye 80 lilimpunguzia mwenyewe gharama ya mafuta, apende asipende. Kidhibiti hicho, hata hivyo, huishika injini isiongeze nguvu. Lori likiwa frii mteremkoni, injini yake ikivuma taratibu, kidhibiti hakina cha kuzuia. Hapo hubaki dereva, na mkono wake juu ya gia, na lile aliloambiwa na mtu aliyemfundisha.